Daktari akitoka wodini, nani amemchukua?

Daktari kijana akiacha hospitali ya wilaya na kuhamia ofisini, iwe Masaki ya Dar es Salaam au Westlands ya Nairobi, lawama humtangulia mlangoni. Amesomeshwa kwa kodi za wananchi, watu husema, halafu ametupa koti jeupe akafuata gari la mradi. Mama yake kijijini hajui awaeleze vipi majirani kwamba mwanawe bado ni daktari ingawa hatibu mtu. Nimeisikia lawama hiyo kwa miaka, na kadiri ninavyoichunguza ndivyo ninavyoona kwamba inamwangukia mtu asiye na kauli kubwa katika jambo lenyewe. Kuna aliyemtafuta daktari huyo, kuna aliyeandika masharti ya kazi yake mpya, na kuna aliyetoa fedha. Hao ndio tunaopaswa kuwatazama, kwa sababu ndio wanaoamua elimu ya udaktari ya nchi nzima itumike kwenye nini.

Tuanze na hali inayomsukuma atoke. Kijana wa Tanzania husoma udaktari miaka 5, kisha mwaka mmoja wa utarajali, yaani kazi ya majaribio hospitalini chini ya usimamizi, ndipo asajiliwe kikamilifu. Kenya ni miaka 6, na utarajali juu yake. Shirika la Afya Duniani, WHO, limeweka kipimo cha madaktari, wauguzi na wakunga 4.45 kwa kila watu 1,000 ili nchi iweze kuyafikia malengo ya afya ya 2030, na kwa kipimo hicho Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zote ziko chini. Mtu angetarajia basi kila anayevua joho la mahafali apokelewe kwa mikono miwili. Haiwi hivyo. Upungufu hupimwa kwa mahitaji ya wagonjwa, lakini nafasi za kazi hupimwa kwa bajeti ya mishahara. Kenya, tangu huduma za afya zilipokabidhiwa kaunti mwaka 2013, madaktari walio wengi wa sekta ya umma ni waajiriwa wa kaunti, na kanuni za fedha za 2015 zinaitaka kaunti isitumie zaidi ya asilimia 35 ya mapato yake kwa mishahara. Gavana anaweza kuwa na wodi isiyo na daktari na bado akaambiwa hana nafasi ya kuajiri.

Mwaka 2017 ulilionyesha jambo hili waziwazi. Madaktari wa Kenya walikuwa wametoka kwenye mgomo wa siku 100, ulioanza 5 Desemba 2016 na kumalizika 14 Machi 2017, wakidai kutekelezwa kwa makubaliano ya mishahara yaliyosainiwa 2013. Viongozi wa chama chao, KMPDU, walitiwa jela kwa ajili ya mgomo huo. Siku chache tu baada ya mgomo kwisha, ujumbe wa Kenya ulifika Dar es Salaam kumwomba Rais John Magufuli madaktari 500. Tanzania ilikubali, maana nayo ilikuwa imesitisha ajira mpya serikalini tangu katikati ya 2016 na ilikuwa na madaktari waliokaa nyumbani. Madaktari wa Kenya wakaenda mahakamani wakisema wanao wenzao wasio na kazi, mahakama ikazuia. Ndipo Magufuli akaagiza madaktari 258 walioomba kwenda Kenya na kukidhi vigezo waajiriwe hapa hapa nyumbani. Watu 258 walikuwapo siku zote, wana vyeti, wana hamu ya kazi, lakini ilibidi nchi jirani iwatake ndipo nchi yao iwaone.

Machi 2024 madaktari wa Kenya waligoma tena, safari hii kwa siku 56, na kiini kimojawapo kikubwa kilikuwa malipo ya madaktari tarajali. Makubaliano yalisema shilingi 206,000 za Kenya kwa mwezi. Serikali ikasema italipa 70,000. Kijana anayeanza kazi kwa kuambiwa kwamba thamani yake imeshuka kwa theluthi mbili hahitaji kubembelezwa sana simu ikilia kutoka kwingine.

Na simu hulia. Wapo mawakala wa ajira wanaotafuta madaktari wa kwenda kutibu Oman, Saudi Arabia au Uingereza, na hao wamezungumzwa sana kwenye makongamano na magazetini. Wanaozungumzwa kidogo ni wale wasiompeleka daktari ng'ambo. Wanamtoa pembeni mwa kitanda cha mgonjwa na kumkalisha kwenye kiti, pengine katika mji ule ule. Anakuwa meneja wa mradi wa UKIMWI au kifua kikuu, mtaalamu wa ufuatiliaji na tathmini, mshauri wa kitabibu wa kampuni ya dawa, mhakiki wa madai ya bima, mratibu wa utafiti. Siku hizi wapo hata wanaolipwa kwa saa kukagua majibu ya kitabibu yanayotolewa na programu za akili mnemba, wakiwa nyumbani na kompyuta yao. Ujumbe huingia LinkedIn au WhatsApp saa ya kutoka zamu ya usiku, ukiwa na jina la cheo ambalo daktari hajawahi kulisikia chuoni, na mshahara ambao hajawahi kuuona kwenye hati yake ya malipo.

Angalia sasa jinsi sheria zinavyowatofautisha waajiri hawa wa aina mbili, anayempeleka daktari ng'ambo na anayemtoa wodini humu humu nchini. Mei 2010 nchi wanachama wa WHO zilipitisha kanuni za maadili kuhusu kuajiri wahudumu wa afya kutoka nchi moja kwenda nyingine. Kwa msingi huo WHO hutoa orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa zaidi, na ile ya 2023 ina nchi 55, zikiwamo Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Kanuni hizo ni za hiari, lakini Uingereza imezigeuza kuwa mwongozo wake: wakala wa Uingereza hatakiwi kwenda kuvua madaktari katika nchi zilizomo kwenye orodha hiyo. Huo ni ulinzi, japo una matundu. Sasa mchukue daktari wa hospitali ya wilaya, tuseme Kibondo, magharibi mwa Tanzania. Shirika la kimataifa lenye ofisi Dar es Salaam likimtaka awe meneja wa mradi, hakuna kanuni ya WHO inayogusa jambo hilo, kwa sababu hakuna mpaka uliovukwa. Mgonjwa wa Kibondo anaona kiti kile kile kitupu. Mwaka 2008 baadhi ya mashirika yasiyo ya kiserikali yalijiandikia mwongozo wao, yakiahidi pamoja na mambo mengine kutobomoa utumishi wa umma kwa kuwavuta watu wake kwa mishahara mikubwa. Ulikuwa mwongozo mzuri, na uliachwa utegemee dhamira ya kila aliyeusaini.

Sitaki nieleweke kwamba kazi hizi za nje ya wodi hazina maana. Mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, PEPFAR, ulianza 2003 wakati hospitali zetu zilikuwa zinalaza wagonjwa wawili wawili kitanda kimoja na dawa za kufubaza virusi zikiwa za wachache wenye fedha. Kusambaza dawa hizo hadi zahanati za vijijini kulihitaji watu wanaoujua ugonjwa na wanaoweza kusoma takwimu, kuagiza dawa, kufundisha wauguzi na kusimama mbele ya mkuu wa mkoa wakajieleza. Madaktari walifanya kazi hiyo. Serikali ya Marekani inakadiria kwamba mpango huo umeokoa maisha ya watu milioni 25 duniani. Vivyo hivyo, chanjo mbili za malaria ambazo WHO iliidhinisha zitumike kwa watoto, moja mwaka 2021 na nyingine 2023, zilipitia mikononi mwa watafiti wa Kilifi, Kenya, na Bagamoyo, Tanzania. Daktari aliyekaa Bagamoyo akifuatilia homa ya kila mtoto kwenye jaribio hakuwa anakimbia udaktari.

Na tukipanda juu zaidi, Agosti 2024 Dk. Faustine Ndugulile, daktari aliyekuwa mbunge wa Kigamboni na naibu waziri wa afya, alichaguliwa Mkurugenzi wa WHO Kanda ya Afrika. Alifariki dunia Novemba mwaka huo kabla hajaanza kazi, na Mei 2025 nafasi hiyo ikaenda kwa Mtanzania mwingine, Profesa Mohamed Janabi, bingwa wa moyo aliyewahi kuziongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Rais wa Zanzibar, Dk. Hussein Mwinyi, naye ni daktari wa binadamu. Sijasikia mtu akiwaita hawa wasaliti wa wodi. Tunawapongeza, na ni haki tuwapongeze. Lawama tunambakishia yule wa chini, aliyekubali mkataba wa mwaka mmoja kwa sababu mtoto wake anaanza shule.

Kwa hiyo kutoka wodini si kosa. Ninachopinga ni ile imani, ambayo madaktari wengi nao wanayo, kwamba ukishaingia ofisini umeachana na wagonjwa, kwamba sasa unashughulika na majedwali tu. Mei 1996 daktari wa Marekani, Linda Peeno, alifika mbele ya kamati ndogo ya Bunge la nchi hiyo akatoa ushahidi ambao kila daktari anayeomba kazi ya bima angepaswa kuusoma. Alieleza kwamba mwaka 1987, akiwa mhakiki wa kitabibu wa kampuni ya bima, alikataa kuidhinisha upasuaji ambao ungeokoa maisha ya mtu, na mtu huyo akafa. Hakuwahi kumwona mgonjwa huyo. Kampuni iliokoa dola nusu milioni, na yeye, kwa maelezo yake mwenyewe, akazidi kupanda cheo. Hakusema kwamba alikosea kusoma faili. Alisema kwamba kazi yake kuu ilikuwa kutumia elimu yake ya udaktari kwa faida ya kifedha ya mwajiri wake.

Hilo lilikuwa Marekani, lakini sisi tunaingia sasa hivi katika zama za bima. Tanzania ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Kenya iliufunga mfuko wake wa taifa wa bima ya afya, NHIF, na kuanza na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, tarehe 1 Oktoba 2024. Mifuko hii itahitaji madaktari wengi wa kuhakiki madai, kupanga kitita cha mafao, kuamua dawa ipi ilipiwe na kipimo kipi kikataliwe. Tumeshaonja nguvu ya kazi hiyo. Machi 2024 hospitali binafsi nyingi za Tanzania zilisitisha kuwahudumia wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa nchi hiyo, ambao nao huitwa NHIF, kwa sababu ya mvutano juu ya kitita kipya na bei zake. Watu wenye kadi halali mkononi walirudishwa nyumbani. Kenya nayo, mwaka 2025, ilisimamisha vituo kadhaa kwa tuhuma za kuidai SHA fedha za wagonjwa hewa. Katika mvutano wa kwanza na katika udanganyifu wa pili, mtu anayeweza kutofautisha gharama ya kweli na ya uongo ni daktari aliyewahi kulala zamu, anayejua upasuaji wa kujifungua unatumia nyuzi ngapi na mgonjwa hulazwa siku ngapi. Tunamhitaji sana mtu huyo. Swali ni kama atakuwa ameajiriwa alinde mfuko dhidi ya wezi na pia alinde mwanachama dhidi ya mfuko, au atapimwa kwa idadi ya madai aliyoyakataa. Hilo halijulikani kwa kumtazama daktari. Linajulikana kwa kusoma mkataba wake na kuuliza nani ameuandika.

Kampuni za dawa sitazichambua kwa urefu. Kazi ya mshauri wa kitabibu pale inaweza kuwa ya heshima kabisa, kufuatilia madhara ya dawa na kuripoti kwa mamlaka, na inaweza kuwa ya kuzunguka hospitalini ukiwashawishi wenzako waandike dawa ghali. Mara nyingi cheo ni kile kile.

Sasa nizungumze na daktari mwenyewe aliyeletewa ujumbe, kwa sababu shule zetu za udaktari hazimfundishi jambo hili hata kwa saa moja. Wakala wa ajira hafanyi kazi kwa niaba yako. Anamfanyia kazi mwajiri, na ndiye anayemlipa. Katika masoko makubwa kama Marekani malipo hayo yako kwa mifumo miwili mikuu. Wapo wanaolipwa sehemu ya fedha mapema ili wamtafutie mwajiri mmoja mtu wa cheo cha juu, na wapo wanaolipwa pale tu mtu anapoajiriwa, mara nyingi kiasi cha kati ya asilimia 20 na 30 ya mshahara wake wa mwaka wa kwanza. Huyu wa pili ana haraka. Usipoajiriwa leo yeye hapati kitu, na ukiajiriwa kupitia mwingine pia hapati kitu. Ndiyo maana anakusifia kila nafasi, anakuhimiza ujibu kesho, na wakati mwingine anatuma wasifu wako kwa waajiri ambao hukuwataja. Mawakala wawili wakimpelekea mwajiri mmoja jina lako, ugomvi wao wa kamisheni unaweza kukukosesha nafasi bila wewe kujua kilichotokea. Mwambie kwa maandishi kwamba wasifu wako usiende popote bila idhini yako. Wakala mwaminifu hatakasirika.

Na asikutoze. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema mawakala binafsi wa ajira hawapaswi kumtoza mfanyakazi ada wala gharama, moja kwa moja au kwa kuzunguka, isipokuwa kwa hali maalumu ambazo mamlaka ya nchi imeziruhusu. Anayekuomba fedha ya kufungulia faili, ya mafunzo ya lazima au ya kushika nafasi, mwulize anaruhusiwa na nani. Kisha uulize mambo ambayo tangazo halisemi. Fedha za nafasi hii zinatoka wapi, na zinaisha lini? Aliyekuwepo kabla yangu ameenda wapi? Nitapimwa kwa nini mwisho wa mwaka? Nitaruhusiwa kuona wagonjwa siku fulani, au mkataba unanifunga? Nani atalipia leseni yangu na mafunzo endelevu ninayohitaji ili nisiipoteze? Daktari anayeuliza historia ya homa kwa dakika 10 lakini anasaini mkataba wa miaka bila kuuliza chanzo cha fedha anajidhulumu.

Kwa nini nasisitiza chanzo cha fedha? Kwa sababu tumeona mwaka 2025. Tarehe 20 Januari Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Ndani ya siku chache barua za kusitisha kazi zilianza kuifikia miradi, na tarehe 1 Julai shirika la misaada la Marekani, USAID, likafungwa rasmi, mabaki ya kazi zake yakihamishiwa wizara ya mambo ya nje. Afrika Mashariki watu waliokuwa wakisimamia huduma za UKIMWI, kifua kikuu, malaria na uzazi katika mikoa mizima waliambiwa waache kompyuta mezani. Miongoni mwao walikuwamo madaktari waliotoka wodini miaka mingi iliyopita, wengine wakiwa na mikopo ya nyumba, wengine wakiwa hawajashika kisu cha upasuaji tangu simu za mkononi zilipokuwa na vitufe. Nilisoma maoni mtandaoni ya watu waliofurahia: sasa warudi kwenye zamu kama wenzao. Furaha hiyo iliniumiza. Warudi wapi, wakati nafasi za zamu zenyewe hazijafunguliwa?

Mtegemea cha ndugu hufa maskini, na hapa aliyetegemea alikuwa serikali kabla ya daktari. Kwa zaidi ya miaka 20 tuliacha soko zima la kazi za kitabibu zisizo za wodini lijengwe na fedha za watu wengine. Wao ndio walioamua kwamba nchi inahitaji madaktari wa kuhesabu vipimo vya virusi kuliko madaktari wa kusimamia ubora wa vyumba vya upasuaji, na walikuwa na haki ya kuamua hivyo kwa fedha zao. Azimio la Abuja la 2001, ambamo viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwenda afya, lingetupa uwezo wa kuamua wenyewe. Tulilisaini, kisha bajeti zikaendelea kusomwa kana kwamba halipo.

Na haikuwa lazima fedha za wafadhili zifanye kazi ya kuwatoa watu. Malawi, ilipoona hospitali zake zinakauka, ilianza mwaka 2004 mpango wa dharura ambao wafadhili, Uingereza ikiwa mstari wa mbele, walisaidia kuongeza mishahara ya kada 11 za afya serikalini kwa asilimia 52. Fedha ya nje ikatumika kumbakisha mtu alipo. Tanzania nayo inao mfano wake: Taasisi ya Benjamin Mkapa, iliyoanzishwa 2006, ilitafuta madaktari na wahudumu wengine, ikawapa mikataba na kuwapeleka wilaya za pembezoni ambako matangazo ya serikali yalikuwa hayapati waombaji. Huyo ni wakala wa ajira pia. Tofauti yake na wengine ni kwamba alilipwa ili aijaze wodi.

Kuna mwajiri mmoja anayewatoa madaktari wodini ambaye hatajwi kamwe katika mjadala huu, naye ni serikali yenyewe. Daktari hodari akionekana hospitalini, tuzo yake ni ofisi. Anafanywa mganga mfawidhi, kisha mganga mkuu wa wilaya, kisha wa mkoa. Kuanzia siku hiyo wiki zake ni vikao, mipango ya bajeti, ripoti, magari yaliyoharibika, manunuzi, msafara wa kiongozi anayekuja kukagua, na malalamiko ya posho. Wengi wao huingia kazini hapo bila kufundishwa uongozi hata wiki mbili, na bado tunawashangaa dawa zikiisha. Wakati huo huo tunayo kada nzima ya makatibu wa afya, watu wanaosomea uendeshaji wa mifumo ya afya, Mzumbe wakiwa miongoni mwa wanaowafundisha. Tungewapa hawa mamlaka kamili ya fedha, watumishi na manunuzi, tungerudisha maelfu ya saa za madaktari kwa wagonjwa bila kuajiri mtu hata mmoja. Ninajua hoja ya upande wa pili: madaktari hawatakubali kuongozwa na asiye daktari. Watakubali, wakishaona mashine ya X-ray imetengenezwa ndani ya wiki na wao wamebaki na kazi waliyoisomea.

Ofisi zile zinazomhitaji daktari kweli, na nimezitaja, za uhakiki wa bima, udhibiti wa ubora, usalama wa dawa, takwimu za magonjwa, utafiti, serikali izifanye kuwa nafasi rasmi zenye ngazi na mshahara unaoeleweka, ili daktari aliyechoka na zamu, au mwenye ulemavu, au mama mwenye mtoto mchanga, au mwenye kipaji cha hesabu kuliko cha kisu, apate pa kwenda bila kusubiri mfadhili. Waingereza na Wamarekani wanapoteza madaktari kwa uchovu wakiwa na mishahara mikubwa. Tusijidanganye kwamba wetu watavumilia milele kwa kuitwa wazalendo.

Kisha kuna suala la njia ya kurudi. Daktari aliyeongoza mradi wa kifua kikuu miaka 10, anayejua ugonjwa ule kuliko mtu yeyote mkoani, akitaka kurejea hospitali ya umma, arudi kwa cheo gani? Miaka ile 10 ihesabiwe au ifutwe? Mikono yake ifufuliwe wapi, chini ya bingwa gani, kwa miezi mingapi, kabla hajaachiwa wodi peke yake? Wizara za afya na mabaraza ya madaktari ya nchi zetu yanaweza kuyajibu maswali hayo kwa waraka wa kurasa tatu, na waraka huo hauhitaji mkopo wa mtu.

Nao waajiri wanaobaki, mashirika, taasisi za utafiti, kampuni za bima na za dawa, wawekewe sharti moja kwenye usajili wao: kila mkataba wa daktari wanayemchukua uwe na siku moja kwa wiki ya kuona wagonjwa katika hospitali ya umma iliyo karibu, siku hiyo ikilipwa na mwajiri na kuhesabiwa kuwa siku ya kazi. Hospitali ya wilaya ingepata mtu wa kliniki ya Alhamisi. Daktari angebaki na leseni hai na masikio yanayosikia bado sauti ya pafu lililoziba. Na mwajiri asiyeweza kumwachia siku moja atupe sababu zake kwa maandishi.